Tumjue Har Gobind Khorana, babu wa PCR

Waliosafiri kupitia Dubai kipindi cha korona wanaijua PCR vizuri. Pua zao zinakumbuka. Wengi wakiisikia humtaja Mmarekani Kary Mullis, na si kosa. Ila kuna mzee alitangulia.

Khorana alizaliwa 1922 kijiji cha Raipur, Punjab, upande ambao leo ni Pakistani. Kijiji kilikuwa na watu kama 100, na familia yake ilikuwa karibu peke yake inayojua kusoma. Baba alikuwa karani wa kodi wa serikali ya kikoloni. Masomo ya kwanza aliyapata chini ya mti. Hapo wengi wetu tunamwelewa bila kuambiwa!

Alisoma Lahore, halafu 1945 akapata skolashipu ya serikali kwenda Liverpool, akamaliza udaktari 1948. Baada ya mwaka mmoja Zurich, akarudi India 1949. Kazi? Hakuna. Ikabidi afunge tena virago: Cambridge, kisha Vancouver mwaka 1952, ambako vifaa vilikuwa vichache lakini uhuru wa kutafiti ulikuwepo. Mwaka 1968, akiwa Wisconsin, alishiriki tuzo ya Nobel na Nirenberg na Holley kwa kufumbua jinsi jeni zinavyoelekeza utengenezaji wa protini.

Hakubweteka. Mwaka 1970 timu yake ilitangaza jeni ya kwanza kutengenezwa maabara, yenye jozi 77. Mwaka 1971 yeye, Kjell Kleppe na wenzao wakaeleza jinsi vipande viwili vifupi vya DNA, pamoja na kimeng'enya, vingeweza kunakili DNA tena na tena.

Sasa mbona haikufika kiwandani? Kwanza, kutengeneza vile vipande vifupi ilikuwa kazi ngumu ya mikono. Pili, joto linalotenganisha nyuzi za DNA liliua kimeng'enya, hivyo kila raundi lazima uongeze kingine. Mullis alibuni PCR 1983 akiwa kampuni ya Cetus, wakati vipande vifupi vimekuwa rahisi kupatikana. Baadaye kikatumika kimeng'enya cha bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, kisichokufa kwa joto, na mashine zikachukua kazi. Kwa hesabu, raundi 30 zinageuza kipande kimoja kuwa nakala zaidi ya bilioni 1. Si mchezo! Mullis akapata Nobel 1993. Khorana aliendelea na utafiti wake MIT, akafariki Marekani tarehe 9 Novemba 2011.

Jamani, tuzingatie hapa. Wazo lilikuwepo miaka 12 kabla. Kilichokosekana ni vifaa. Na nyumbani walimlipia kijana masomo, wakashindwa kumpa meza ya kazi. Serikali zetu zinazotusomesha ughaibuni zijiulize: tukirudi na vyeti, maabara ziko tayari? Na sisi tujiulize nani atazijenga.