Fannie Lou Hamer: Mchuma pamba aliyewatoa jasho wakuu wa chama

ALIKUWA na umri wa miaka 44 alipofahamu kwamba alikuwa na haki ya kupiga kura katika nchi aliyozaliwa.

Fannie Lou Hamer, kitindamimba katika familia ya watoto 20, alizaliwa mwaka wa 1917 katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Wazazi wake hawakuwa na ardhi. Walilima pamba katika shamba la Mzungu na kugawana naye mavuno, mgao ambao aghalabu uliwaacha na deni. Alianza kuchuma pamba akiwa na miaka sita, na masomo akayaacha angali mdogo.

Mnamo Agosti 1962, wanaharakati vijana waliitisha mkutano kanisani mjini Ruleville. Tarehe 31 mwezi huo, Hamer na wenzake 17 waliabiri basi hadi Indianola kujiandikisha kuwa wapiga kura. Aliamriwa afafanue kifungu cha katiba ya jimbo, mtihani uliokusudiwa kumwangusha kila Mweusi. Akaanguka. Walipokuwa wakirejea, polisi walilisimamisha basi na kumtoza dereva faini, eti rangi yake ya manjano ilizidi kiasi!

Jioni hiyo mwenye shamba alimtaka afute ombi lake au ahame. Hamer alikuwa amelitumikia shamba hilo kwa miaka 18. Akahama usiku huo huo, akimwacha mumewe, Perry, amalize mavuno. Siku chache baadaye, nyumba ya marafiki waliompa hifadhi ilimiminiwa risasi 16.

Juni 1963 alikamatwa mjini Winona akitoka mafunzoni. Katika seli, polisi waliwalazimisha wafungwa wawili Weusi kumpiga kwa rungu. Figo na jicho lake viliathirika, na hakupona kikamilifu maishani. Waliomtesa walishtakiwa, wakaachiliwa na baraza la wazee wa mahakama ambao wote walikuwa Wazungu.

Kisa hicho ndicho alichokisimulia Agosti 22, 1964, mjini Atlantic City, mbele ya kamati ya chama cha Democratic. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha Mississippi kilichodai viti vya ujumbe uliowatenga Weusi. Rais Lyndon Johnson, akihofia kupoteza kura za Wazungu wa kusini, aliitisha ghafla kikao na wanahabari ili kamera zimwache mwanamke huyo. Hila hiyo ilimgeuka, kwani usiku huo televisheni zilirusha ushahidi wa Hamer, na ukatazamwa na mamilioni.

Wakuu wa chama wakatoa viti viwili tu, tena kwa wanaume wawili waliowateua wao wenyewe. Baadhi ya viongozi mashuhuri wa harakati, waliomzidi kwa kisomo, waliunga mkono maafikiano hayo. Hamer alikataa, na ujumbe wake ukakataa pia. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya kulinda haki ya kura. Na mwaka wa 1968, mjini Chicago, yeye mwenyewe aliketi mkutanoni kama mjumbe halali.

Hata hivyo, kura haikumshibisha mwenye njaa. Mwaka wa 1969 alianzisha shamba la ushirika katika Wilaya ya Sunflower, ambako familia zilizofukuzwa mashambani zililima chakula chao na kufuga nguruwe. Ukata na hali mbaya ya hewa vililimaliza miaka ya 1970.

Alifariki Machi 14, 1977, akiwa na umri wa miaka 59, kutokana na saratani. Alizikwa Ruleville, katika ardhi iliyonunuliwa na ushirika wake.