Barghash bin Said: sultani aliyejenga hamamu na kuleta maji ya bomba Unguja

Mwezi wa tatu mwaka 1888, meli iliingia bandari ya Unguja ikimrudisha mgonjwa. Alikuwa Sultani Barghash bin Said, mtawala wa Zanzibar tangu 1870. Alikuwa ametoka Oman, nchi ya wazee wake, alikokwenda kutafuta nafuu kwenye chemchemi za maji moto. Yale maji hayakumsaidia. Tarehe 26 mwezi huo akafariki.

Huku Kasongo na Kabambare, wakati wa Waarabu ukitajwa, jina linalokuja kwanza ni Tippu Tip. Lakini Tippu Tip naye alikuwa na mkubwa wake kule pwani, na mkubwa huyo ndiye Barghash. Pembe za tembo zilitoka Maniema kwenye mabega ya watu, zikatembea miezi na miezi, na zilipofika Unguja zililipiwa ushuru kwenye forodha ya sultani. Sehemu ya mali hiyo iligeuka majumba, hamamu na maji ya bomba.

Barghash alikuwa mtoto wa Seyyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake kutoka Oman kuja Unguja. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Baba alipofariki baharini mwaka 1856, kiti cha Unguja kilishikwa na Majid, kaka yake Barghash. Barghash hakukubali. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua, na dada yake Salme alikuwa upande wake. Waingereza wakamsaidia Majid, mapinduzi yakashindwa, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay, India.

Miaka kama miwili aliyokaa kule haikupotea bure. Bombay ya wakati ule ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kupata maji ya bomba kutoka bwawa la Vihar, nje ya mji. Barghash aliona mji mkubwa unaotunzwa: barabara, majumba marefu, maji yanayomfuata mtu mpaka mtaani kwake.

Unguja aliyoiacha haikuwa hivyo. Watu wa mji walitegemea visima, na visima vingi vilikuwa karibu na vyoo na makaburi. Mwaka 1869 na 1870 kolera ilipiga kisiwa, ikaua maelfu ya watu, na ugonjwa huo ulifuata pia njia za misafara. Mwaka huohuo wa 1870 Majid akafariki, Barghash akashika kiti. Mwezi wa nne 1872 kimbunga kikaangusha mikarafuu na kuzamisha meli zake. Alianza kutawala nchi iliyoumia.

Ndipo alipoanza kujenga. Alivuta maji ya chemchemi za nje ya mji kwa mifereji na mabomba mpaka ndani ya mji. Kwa mtu wa Kasongo anayejua uzito wa bidoni la lita 20 kichwani, hakuna haja ya kueleza maana ya kazi hiyo.

Maji yalipopatikana, hamamu ziliwezekana. Baba yake alikuwa ametangulia: mwaka 1850 alijenga hamamu ya Kidichi, kwenye kilima cha mashamba, kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi. Ile ilikuwa ya nyumba ya mfalme. Barghash alijenga ya watu wa mji, katikati ya Mji Mkongwe, na mjenzi wake alikuwa Haji Gulamhussein. Ilikuwa hamamu ya kwanza ya umma Unguja. Mtaa wake unaitwa Hamamni mpaka leo, maana yake mahali penye hamamu.

Jengo la namna hii halishindani na nchi yake. Unguja haina mlima wa moto wala maji yanayochemka yenyewe, ni kisiwa cha mawe ya matumbawe. Kwa hiyo walitumia kile ardhi ilichotoa: mawe hayohayo na chokaa iliyochomwa kutoka kwayo. Kuta zikawa nene, kushika joto ndani na kuzuia jua la nje. Moto wa kuni ulichukua kazi ambayo mahali pengine inafanywa na ardhi yenyewe. Dari iliviringwa kama kuba, mvuke ukapanda juu na kuteremka ukutani bila kudondokea watu, na mwanga uliingia kwa matundu madogo. Mtu alipita kutoka chumba cha baridi kwenda cha moto, akatoka jasho, akaoga, akanyolewa.

Alijenga pia Chukwani, juu ya bahari, mahali pa upepo mzuri kwa wagonjwa, na Maruhubi, kati ya miembe na pwani. Mwaka 1883 likasimama Beit al-Ajaib, jumba refu la nguzo za chuma, mbele ya bandari.

Lakini uzuri huo ulikuwa na bei yake. Mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa, na wengi walitoka bara, hata Maniema. Mwaka 1873 Waingereza walitishia kuzingira kisiwa kwa meli za vita. Barghash akatia sahihi, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Biashara ya baharini ilikatazwa, lakini huku bara vijiji viliendelea kushambuliwa, watu wakaendelea kubebeshwa pembe.

Mwishoni, mamlaka yake yalimtoka mkononi. Mwaka 1885 meli za vita za Wajerumani zilisimama mbele ya jumba lake. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikata nchi, wakamwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10 tu. Tippu Tip alipofika Unguja, Barghash alimweleza kwamba hana tena nguvu ya kumsaidia kushika bara. Mwaka 1887 Tippu Tip akakubali kuwa liwali wa Mfalme Leopold kule Stanley Falls. Miaka 6 nyuma ya pale, mwezi wa nne 1893, askari wa Dhanis waliingia Kasongo.

Maruhubi iliungua mwaka 1899, zikabaki nguzo. Hamamni ilifanya kazi mpaka karibu 1920, leo wageni wanaitembelea ikiwa kavu. Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka mwaka 2020. Watu wa Unguja wanamkumbuka Barghash kwa maji. Wa Maniema wana haki ya kukumbuka pia ni migongo ya nani iliyobeba gharama yake.