Beda: jina la kituo cha treni, maisha ya mtumishi



Katika mji wa Jarrow, kaskazini mashariki mwa Uingereza, kuna kituo kidogo cha treni za mjini kilichofunguliwa mwaka 1984. Kiko jirani na eneo la viwanda. Jina lake ni neno moja tu: Bede. Ni jina la mmonaki aliyefariki katika mji huo zaidi ya miaka 1,200 kabla ya reli hiyo. Kwa Kiswahili tunamwita Mtakatifu Beda.

Beda alizaliwa yapata mwaka 673. Alipofikisha miaka saba, jamaa zake walimkabidhi kwa Abate Benedict Biscop, katika monasteri ya Wearmouth. Baadaye akawa Jarrow, chini ya Abate Ceolfrith.

Yapata mwaka 686 tauni iliingia monasterini. Wamonaki waliojua kuimba sala za kila siku walikufa, akabaki abate na mvulana mmoja. Kwa majonzi, abate aliamua sala nyingi zifupishwe. Wiki moja tu ikapita, akashindwa kuvumilia. Wakarudia utaratibu wote, mzee na mtoto, wakiimba kwa taabu na machozi hadi wengine walipofundishwa. Wanahistoria wengi wanaamini mvulana huyo alikuwa Beda.

Alipata ushemasi akiwa na miaka 19 na upadre akiwa na miaka 30. Hakuwahi kuwa askofu wala abate, na mara chache sana alitoka nje ya eneo lake. Alisali, akasoma, akafundisha, akaandika. Alifafanua Maandiko, akaeleza namna ya kukokotoa tarehe ya Pasaka, na jinsi kujaa na kupwa kwa bahari kunavyofuata mwezi. Mwaka 731 alikamilisha historia ya Kanisa la Waingereza. Humo alihesabu miaka tangu kuzaliwa kwa Bwana Yesu. Hakubuni yeye hesabu hiyo, ila vitabu vyake viliieneza sana. Hata mwaka ulioandikwa juu ya gazeti hili unamkumbusha Beda.

Mapadre wasiojua Kilatini aliwatafsiria Imani na Sala ya Bwana katika lugha yao. Mwaka 735, karibu na sikukuu ya Kupaa, pumzi ilimpungua na miguu ikamvimba, naye alikuwa bado anatafsiri Injili ya Yohana. Vitu vyake vichache, pilipili, vitambaa na ubani, aliwagawia mapadre wenzake. Jioni, kijana aliyekuwa akimwandikia alimkumbusha kwamba imebaki sentensi moja. Beda akaitamka, kijana akaiandika. Kisha akaketi sakafuni, akielekea mahali alipozoea kusali, akaimba utukufu wa Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, akakata roho.

Ndugu yangu, fikiria kama abate yule angesema kwamba wawili hawatoshi kuwa kwaya. Mtoto angejifunza kwamba sala ni ya siku za raha. Badala yake alimwona mtu mzima akimwabudu Mungu huku akilia, na hilo likamtosha kwa maisha yote.

Huenda kwaya yenu imepungua, au jumuiya yenu hukutana watu watatu. Huenda unafundisha watoto wa shule ya Jumapili na hakuna anayekushukuru. Katika Luka 16:10 Bwana anatufundisha kwamba aliye mwaminifu katika dogo huwa mwaminifu pia katika kubwa. Usiifupishe kazi yako kwa sababu wenzako wameondoka. Yupo mtoto anayekutazama, na hujui Mungu atamfanya nani.

Wengi hushuka katika kituo kile wakiwahi kazini bila kumfikiria Beda. Yeye hakufanya kazi ili akumbukwe. Jiulize leo: ni sentensi gani moja imebaki katika utumishi wako? Imalizie.