Billy Meredith, winga aliyekataa kupangiwa mshahara

Wewe wa Malindi unayeshinda kibandani ukishangilia Man U, na wewe wa Kilifi unayecheza ligi ya mtaani kwa soda na nauli ya boda, leo nawaletea mzee mmoja.

Billy Meredith alizaliwa 1874 huko Chirk, Wales. Akiwa na miaka 12 tu alishaingia kazini kwenye mgodi wa makaa ya mawe. Mpira ndio uliomtoa. Mwaka 1894 akajiunga na Manchester City, winga wa kulia, chenga kibao, kijiti cha meno mdomoni.

Shida ilianza 1901. Wakubwa wa soka Uingereza waliweka sheria kwamba mchezaji asilipwe zaidi ya pauni 4 kwa wiki. Uwanja ujae hadi pomoni, wewe chako ni hicho tu. Mwaka 1904 Meredith, akiwa nahodha, alifunga bao pekee la fainali ya Kombe la FA. Kisheria bado ni pauni 4! Basi City wakawa wanawaongezea wachezaji kichinichini.

Tusidanganyane, hakuwa malaika. 1905 alifungiwa kwa tuhuma za kumhonga mchezaji wa Aston Villa pauni 10. City walipomtosa, akamwaga mtama kuhusu zile pesa za siri. Wachezaji 17 wa City wakafungiwa 1906.

Man U wakamchukua. Desemba 1907 akaongoza kikao kwenye hoteli moja ya Manchester, na hapo kikazaliwa chama cha wachezaji. 1909 FA ikasema toka chamani au husakati mpira. Wengi wakanywea, lakini Meredith na wenzake wa Man U wakakaa ngumu. Mwishowe chama kikatambuliwa, ila kikomo cha mshahara kikabaki palepale.

Alicheza hadi 1924, akikaribia miaka 50. Akafariki 1958, na kaburi lake likakaa bila jina hadi 2001. Kikomo, ambacho kilikuwa kimefika pauni 20, kilifutwa 1961, miaka 3 baada ya yeye kuondoka. Fasta Johnny Haynes wa Fulham akaanza kulipwa pauni 100 kwa wiki.

Kwa hivyo mamilioni ya mawinga wa leo hayakudondoka kama embe. Na swali la Meredith lipo hata huku kwetu Pwani: watu wamejaa uwanjani, aliyetoka jasho amepata nini? Yeye hakuliuliza peke yake. Aliwakusanya wenzake kwanza.