MUAYQIB (R.A.): SAHABA MWENYE UKOMA ALIYETUNZA HAZINA YA WAISLAMU



Wanafunzi wetu wapenzi, safari hii tumemchagua Sahaba ambaye pengine jina lake mmelisoma katika Hadithi mkalipita tu: Muayqib bin Abi Fatima Ad-Dausi (R.A.). Ndiye aliyepokea Hadithi ya kutosawazisha changarawe mtu anaposujudu, isipokuwa mara moja ikibidi.

Alisilimu Makka siku za mwanzo, akahamia Habasha, upande wetu huu wa Afrika, kisha akaenda Madina. Mtume (S.A.W.) alimkabidhi pete yake ya muhuri, na kazi hiyo hapewi ila mwaminifu. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa Khalifa alimweka kwenye Baitul Mal. Hata hati ya wakfu wa Sayyidna Umar iliandikwa kwa mkono wake.

Na mtu huyu alikuwa na ukoma.

Sayyidna Umar hakuacha kumtafutia dawa. Kila aliyesikia kuwa ni tabibu alimuuliza, mpaka wakaja watu wawili kutoka Yemen. Walisema kumponya hawawezi, bali wanaweza kuuzuia ugonjwa usizidi. Wakaomba handhali, lile tunda chungu la jangwani, likakusanywa. Walilikata vipande viwili viwili, wakamlaza Muayqib, kila mmoja akashika mguu wake akawa anausugua wayo kwa kipande. Kikiisha anachukua kingine. Waliendelea mpaka mate yake yakatoka ya kijani na machungu. Inapokewa kuwa ugonjwa haukuzidi tena hadi alipofariki.

Sayyidna Umar alikuwa akila naye chombo kimoja. Tusifiche kwamba alimweleza pia kuwa angekuwa mtu mwingine, angekaa naye mbali kadiri ya urefu wa mkuki. Hofu ya ukoma ilikuwepo, na Hadithi za kujihadhari nao zipo, wanazuoni wamezieleza kwa urefu. Lakini Muayqib hakuondolewa kazini wala kwenye sinia.

Mwaka 88 Hijria (707) Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik, huko Damascus, aliwapangia wenye ukoma posho ili wasiombeombe, nao wakawekwa mahali pao na matabibu wao. Ilikuwa huruma, ila ndani yake mlikuwa na kutengwa.

Huku kwetu zama za wakoloni wagonjwa waliwekwa kwenye kambi. Jirani yetu wa karibu ni Kindwitwi, Rufiji, ng'ambo ya bahari yetu hii. Watu wa pale wengi ni Waislamu, na aliyeishi nao miaka mingi akiwahudumia ni padri Mwingereza, Robin Lamburn, mpaka alipofariki mwaka 1993. Haki ya mtu husemwa, hata akiwa si wa dini yetu.

Kijidudu cha ukoma kiligunduliwa na Hansen wa Norway mwaka 1873. Dawa ya dapsoni ilianza kutumika miaka ya 1940, nayo ikaanza kuzoeleka na vijidudu. Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likashauri dawa mchanganyiko. Hapo sababu ya kambi ikaondoka: mgonjwa hutibiwa akiwa nyumbani kwake, kwa miezi 6 au 12, na muda mfupi baada ya kuanza dawa haambukizi tena.

Wazazi, mkiona kwa mtoto baka lililopauka au jekundu ambalo halihisi hata likiguswa, msingoje wala msilifiche kwa aibu. Mpelekeni zahanati au hospitali ya Kilindoni. Dawa ya ukoma hutolewa bure, na ulemavu wa vidole huja kwa kuchelewa.