Coulomb, mtu aliyepima namna udongo unavyoteleza

Wenye kufanya kazi ya umeme wanajua jina Coulomb, kwani ni kipimo chao. Lakini sisi wachimbaji tuko na deni kwake pia, tena la zamani zaidi.

Charles-Augustin Coulomb alizaliwa 1736 kule Angoulême, Ufaransa, akawa injinia wa jeshi. Mwaka 1764 walimtuma Martinique, kisiwa cha joto kali, kujenga ngome. Alikaa kule miaka 8, akaugua mara nyingi. Ni kule alianza kuandika juu ya kuta zenye kuzuia udongo: kwa nini huu unasimama, na ule unaanguka?

Mwaka 1773 alipeleka kazi hiyo mbele ya Académie ya Paris. Alionyesha kwamba udongo unazuiwa na nguvu mbili. Moja ni kushikamana, kama udongo wa kufinyanga. Ya pili ni kusuguana kwa chembe: kadiri uzito unavyozikandamiza, ndivyo zinavyokataa kuteleza. Mchanga mkavu hauna ile ya kwanza. Njo maana ukiumwaga, mteremko wake unabaki uleule, lundo likuwe dogo ao kubwa. Ukichota ku miguu yake, wa juu unashuka mpaka mteremko urudi vile ulikuwa.

Udongo wenye kushikamana unadanganya zaidi. Unaukata wima, unasimama, mutu anaingia chini yake bila woga. Coulomb alitoa hesabu ya kimo: ukikipita, kipande kizima kinakatika na kuteleza kama kabari. Na sisi wa karieri tunajua mvua ikiingia mu nyufa, ukuta uliosimama jana hauna haja ya kuguswa.

Baadaye, kule Rochefort penye kuunda meli, alipima msuguano wa mbao, chuma na kamba. Académie ikampa zawadi 1781. Umeme ulifuata nyuma.

Kuko kitu kingine tunachokipenda kwake: hakusahau mwenye koleo. Aliandika juu ya uchovu wa watu wa kazi, na kusema kwamba askari aliowasimamia Martinique, wenye kuloa jasho siku nzima, hawakuweza hata nusu ya kazi ambayo askari wa Ufaransa walifanya kwa siku. Wakubwa wengi wa wakati ule wangewaita wavivu. Yeye alisema ni joto.

Alikufa Paris, mwezi wa nane 1806, akiwa na miaka 70.