Ibn al-Haytham na ushahidi wa macho

Waulize vijana wetu wa sekondari ni nani aliyeeleza namna mwanadamu anavyoona, watakutajia Mzungu au watanyamaza. Hata vitabu vya Ulaya vilivyomtaja mwenyewe vilimwita Alhazen, jina ambalo mama yake asingelitambua. Yeye ni Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra, Iraq, yapata mwaka 354 Hijria, sawa na 965 Miladia. Nimemchagua yeye leo kwa sababu aliandika jambo ambalo wengi wetu bado hatujalikubali nyoyoni: kwamba mtu anaweza kuapa kuwa ameona kwa macho yake, akawa mkweli katika kiapo chake, na bado akawa amekosea.

Habari za maisha yake tumezipata kwa Ibn al-Qifti na Ibn Abi Usaybi'a, walioandika takriban miaka 200 baada ya kufa kwake, na hawaafikiani katika kila kitu. Inasimuliwa kuwa akiwa Iraq alisema lau angekuwa Misri angeyatengeneza maji ya mto Nile yawafae watu wakati wa mafuriko na wakati wa ukame. Maneno yakamfikia al-Hakim, mtawala wa Fatimiyya mjini Cairo, akamwita. Ibn al-Haytham akapanda na mto hadi karibu na Aswan. Njiani akayatazama majengo ya Wamisri wa kale, akatambua kuwa watu wenye ujuzi ule wangekwisha kuifanya kazi hiyo zamani kama ingewezekana. Akarudi kukiri kuwa haiwezekani.

Kukiri mbele ya al-Hakim halikuwa jambo dogo. Huyu alikuwa mtawala wa kukuvisha joho leo na kukukata kichwa kesho. Alimpa kazi ya serikali, naye kwa hofu akajifanya mwendawazimu, akafungiwa nyumbani hadi al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Baada ya hapo "akapona", akaishi jirani na al-Azhar akinakili vitabu vya hisabati vya Wayunani na kuviuza ili apate riziki. Alifariki Cairo yapata mwaka 1040.

Kazi yake kubwa ni Kitab al-Manazir, majuzuu 7 juu ya nuru na kuona. Kabla yake, wakubwa wa elimu hiyo, Euclid na Ptolemy, walishika kuwa jicho hutoa miale inayokwenda kukigusa kitu. Ibn al-Haytham akauliza: mbona ukilikazia jua macho, jicho linauma? Anayeumia ni anayepokea. Nuru hutoka kwenye kila nukta ya kitu, ikaingia jichoni kwa mistari iliyonyooka. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza, zikaonekana ukutani nuru kwa idadi ya taa. Alipoziba taa moja, nuru yake tu ndiyo iliyopotea, nyingine zikabaki palepale. Nuru zilipita katika tundu moja bila kuchanganyika.

Wengi wakimsifu huishia hapo, kwenye chumba cha giza, kwa kuwa kinawakumbusha kamera. Mimi naona kilicho kizito zaidi ni juzuu ya pili na ya tatu. Humo anasema jicho hupokea nuru na rangi tu. Umbali, ukubwa na umbo havionwi na jicho peke yake. Ni akili inayopambanua, ikilinganisha na ilichokwisha kukijua. Neno alilolitumia ni lile lile la mafakihi, qiyas. Hukumu hiyo hupita upesi mno hata mtu asijue kuwa amehukumu, akadhani ameona tu. Akatoa mfano wa mtoto anayewekewa matunda mawili akachukua lililo zuri zaidi. Amelinganisha na kuamua, ilhali hajui hata kuwa kuna kitu kinachoitwa kulinganisha.

Umbali nao tunaupima kwa ardhi iliyo kati yetu na kitu, na ardhi tumeijua tangu utotoni kwa miguu na mikono yetu. Ardhi hiyo ikikosekana, akili hubahatisha. Ndiyo maana mwezi mpevu unapochomoza huonekana mkubwa kama sinia, na ukifika utosini huonekana kama kisahani. Unyooshee mkono wenye sarafu nyakati zote mbili, utakuta ni ule ule. Ukiwa chini, vitu vilivyo katikati huiambia akili kuwa uko mbali, nayo ikauongezea ukubwa.

Wapo ndugu zetu wanaopenda kusema alimaliza kila kitu. Siungani nao, na wala yeye asingependa, maana katika kitabu chake cha shaka juu ya Ptolemy aliwataka wasomaji wawahoji wakubwa na wajihoji wenyewe. Alidhani hisia ya kuona iko kwenye lenzi ya jicho. Johannes Kepler ndiye aliyeonyesha mwaka 1604 kuwa picha huangukia kwenye utando wa nyuma, tena ikiwa juu chini. Leo tunajua habari hizo husafiri hadi sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, na kwamba mahali mshipa unapotokea jichoni hapaoni kitu. Ubongo hupajaza wenyewe.

Kitabu kilifasiriwa kwa Kilatini yapata mwaka 1200, kikachapishwa Basel mwaka 1572, lakini kikiwa hakina sura 3 za mwanzo, zile anazoeleza njia yake ya uchunguzi. Kwa Kiarabu, juzuu 3 za kwanza zilichapishwa Kuwait mwaka 1983, zaidi ya miaka 900 baada ya kufa kwake.